Kupima afya ukiwa Lamu: zahanati, hospitali ya kaunti, kambi au Mombasa?

Mtu wa Lamu akiazimia kupima afya ilhali haumwi, cha kwanza anachokipigia hesabu ni safari. Zahanati iko karibu, lakini wengi huamini haina vipimo vya maana. King Fahd, hospitali ya kaunti, iko mjini, na kwa mtu wa Kizingitini au Kiunga hiyo nayo ni bahari ya kuvuka. Kambi ya matibabu ya bure huja ikapita. Mombasa kuna kila mashine, ila ndiyo boti mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Hindi, Witu, Garsen na Malindi, na usiku mmoja au miwili kwa jamaa. Basi wengi hawaendi popote. Wachache wenye uwezo hujikusanyia pesa, wakaenda Mombasa mara moja, wakapimwa kila kitu, wakarudi na bahasha nene ambayo haifunguliwi tena.

Nimezilinganisha njia hizi kwa swali moja ambalo watu hawalitilii maanani: je, utaweza kurudi hapo baada ya miezi mitatu? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa watu wazima wengi wa huku, zahanati ikisaidiana na hospitali ya kaunti inakishinda kifurushi cha Mombasa, hata kama kifurushi hicho ungepewa bure.

Kwanza, unatafuta nini?

Presha haiumi. Sukari ya ukubwani nayo huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kubisha hodi. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao, na karibu tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa sukari. Ndiyo maana wengi huijua presha siku mdomo unapopinda na mkono kulegea, na huijua sukari kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Kwa hivyo orodha ya mtu mzima asiyeumwa ni fupi kuliko matangazo yanavyodai. Presha, sukari, uzito na kiuno. Virusi vya ukimwi kwa asiyejua hali yake. Kwa mwanamke, mlango wa kizazi, kuangalia dalili za saratani. Mwenye presha au sukari tayari anaongeza figo, mkojo na mafuta ya damu, na mwenye sukari akaguliwe macho na miguu kila mwaka. Wengi wetu tunaishia hapo.

Kuirefusha orodha hakuleti faida kama inavyodhaniwa. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha, chini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, mapitio ya majaribio 17 yaliyohusisha watu zaidi ya 250,000. Walitaka kujua kama kuwaita watu wazima wote kwenye uchunguzi wa jumla kunapunguza vifo. Jibu lilikuwa kwamba tofauti ni ndogo mno, au haipo. Majaribio hayo yalifanywa Ulaya na Marekani, kwa watu ambao hufungwa kitambaa cha presha kila wamwonapo daktari, hata kwa mafua. Siyachukui kuwa hukumu kwa mvuvi wa Faza mwenye miaka 50 ambaye hajapimwa hata mara moja. Lakini ukisikia mtu anakuuzia vipimo arobaini kwa mpigo, yakumbuke.

Zahanati na mhudumu wa mtaa

Hapa ndipo watu wanapopadharau bila sababu. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii, wapatao laki moja nchi nzima, wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari, mizani na kipimajoto. Maana yake vipimo viwili vikubwa kuliko vyote vinaweza kukufuata barazani kwako. Na tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wake wenyewe wa serikali, mradi umejisajili. Usajili hufanywa kwa simu, *147#, na mwenye simu ya kubofya hakuachwa nje.

Udhaifu upo. Vijiti vya kupimia sukari huisha, kwa hivyo mpigie nesi au mhudumu umuulize kabla hujaondoka nyumbani. Figo na mafuta ya damu kwa kawaida hutavipata hapo. Na liko jambo la siri. Mitaa yetu imebanana, nesi anamjua mama yako na shangazi yako, na mtu wa Mkomani anayetaka kupima virusi huona heri ateremke Langoni au avuke kabisa. Sioni aibu katika hilo. Apime anapopata utulivu.

Nikiwa bado zahanati, nieleze kinachoharibu kipimo cha presha, maana kinaharibika hata kwa mashine nzuri. Mtu anatoka barazani kwenye kahawa chungu, kikombe cha pili hakijapoa tumboni, anapanda ngazi, anakaa, anafungwa kitambaa papo hapo huku akimweleza nesi habari za harusi ya jana. Namba inayotoka hapo ni ya kahawa, ngazi na harusi. Inavyotakiwa ni hivi: nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara, na miraa iweke mbali kabisa, kwani hupandisha presha. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kitambaa kifungwe juu ya ngozi. Kina mama, mkono wa buibui uliokunjwa ukabana juu ya kiwiko nao huvuruga kipimo. Vaeni ndani nguo ya mikono mipana, buibui livuliwe upande mmoja nyuma ya pazia. Kisha pimwa mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe.

Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ndiyo presha. Siku moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, isipokuwa iwe juu mno.

Hospitali ya kaunti

Tofauti yake kubwa na zahanati ni maabara na faili. Faili watu hawaithamini. Daktari akiwa na namba zako za miaka mitatu mfululizo anaona figo inaposhuka polepole, jambo ambalo karatasi moja ya Mombasa, hata ikiwa na nembo ya dhahabu, haiwezi kumwonyesha. Wa kisiwa cha Pate wana hospitali Faza, na wa bara wana Mpeketoni, kwa hivyo si lazima kila safari iwe ya Amu mjini.

Upande wa malipo, kuanzia ngazi hii unaingia kwenye bima yenyewe ya SHA, na sharti michango iwe imelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mvuvi, fundi na mama muuza mahamri hukadiriwa kipato, na mchango wao huhesabiwa kwa mwaka. Angalia hali yako kwenye simu kabla ya siku ya kliniki. Kugundua dirishani kwamba jina lako halijakamilika, ukiwa na mtoto mgongoni na boti la kurudi linakusubiri, ni adhabu.

Halafu liko suala la kufunga. Kipimo cha sukari ya asubuhi kinataka usile kwa saa nane au zaidi, maji ruhusa. Kwa mtu wa Shela au wa mjini si tabu. Kwa mtu wa Siyu au Pate, ambaye boti yake hufuata maji kujaa, akifika saa sita mchana hajatia kitu mdomoni, huo ni ukatili, na hasa kama ni mzee anayemeza dawa za sukari. Waambie mnatoka mbali na uulize kipimo cha HbA1c. Hicho hakitaki kufunga, na huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hivyo halua ya harusi ya juzi haitakuponza wala kujinyima kwa siku mbili hakutakuokoa. Kikifika asilimia 6.5 ni kisukari. Kwa kipimo cha kufunga, mpaka ni 7.0 (mmol/L). Kwa asiye na dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuthibitisha. Kipimo cha kawaida cha figo nacho hakitaki njaa.

Kipimo cha mlango wa kizazi ndicho kinachoahirishwa kuliko vyote, na sababu tunazijua: haya, na hofu ya kukuta daktari mwanamume. Uliza mapema siku ambayo kuna nesi wa kike. Kuna kipimo cha siki, ambapo nesi anapaka siki nyepesi na kuangalia kama panageuka peupe, na jibu unalipata hapo hapo. Na kuna kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo ya mlango wa kizazi, ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU huanza miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wa hiki cha pili ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, kwa kijiti kama cha pamba, nyuma ya mlango uliofungwa. Ukikipata, kichague. Mama akishapima, amuulizie na bintiye: chanjo ya HPV imo kwenye mpango wa chanjo wa Kenya tangu Oktoba 2019, ikianzia wasichana wa miaka 10.

Kambi

Kwa vijiji vya kaskazini, kliniki inayokuja kwa mashua huenda ndiyo pekee itakayopita mwezi huo. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, mtoto wa Lamu, limejijengea jina kwa kazi hiyo hiyo ya kupeleka tiba kwa boti hadi vijiji vya mbali. Wakija kwenu, nendeni.

Ila kambi si zote sawa. Kuna zinazorudi kila mwezi na kuna zinazoonekana kura zikikaribia. Ninachoangalia mimi ni kama wanakuandikia namba zako kwenye daftari, na kama wanakwambia nani atakupa dawa mwezi ujao. Vidonge vya presha vya wiki mbili bila mahali pa kupata vya wiki ya tatu ni kazi nusu. Beba daftari lako mwenyewe, hata la shule la kurasa 32, na umwombe daktari aandike humo.

Kifurushi cha Mombasa

Mvuto wake naufahamu. Unaingia jengo lenye baridi, unaitwa kwa jina, unatolewa damu chupa sita, unapigwa altrasaundi, na jioni unahisi umejitendea haki. Watoto walioko Uingereza na Ghuba hupenda kuwalipia wazazi wao kifurushi hiki, na nia yao ni njema.

Tatizo ni hesabu. Kiwango cha kawaida katika maabara hupangwa kwa vipimo vingi ili asilimia 95 ya watu wazima wa afya waingie ndani yake. Yaani katika kila watu 20 wazima, mmoja huonekana ana kasoro ilhali hana. Mtu mmoja mwenye afya akifanyiwa vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari ni karibu asilimia 64. Sasa mzee wa Matondoni amerudi kwao, anapigiwa simu kwamba "kuna kitu kidogo tunataka kukiangalia tena". Nauli tena, boti tena, mtu wa kumsindikiza tena, na wiki mbili za kutolala. Mara nyingi hakuna kitu. Vibaya zaidi ni vile vipimo vya damu vya kutafuta saratani, kama CEA na CA-125, ambavyo hutiwa kwenye vifurushi ili bei ipande. Havipendekezwi kwa mtu asiye na dalili yoyote, kwa kuwa hupanda kwa sababu nyingine tele na hushindwa kupanda saratani ikiwa changa.

Ukilinganisha gharama, usihesabu bei ya kifurushi peke yake. Hesabu nauli ya watu wawili, chakula, zawadi ya mwenyeji (huwezi kufika mikono mitupu), na siku tatu za kazi zilizopotea. Kwa pesa hizo nyumba nyingi zingenunua mashine ya presha na zikabaki na chenji ya michango ya SHA.

Wapo wanaostahili kwenda, na hao wasicheleweshwe. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake alipata saratani ya matiti akiwa bado kijana. Mtu ambaye baba yake alikuwa na saratani ya utumbo. Anayehitaji daktari bingwa wa moyo au wa macho, au picha ya matiti. Na yeyote aliyeandikiwa rufaa. Hawa waende kwa kipimo kinachojulikana jina, siku iliyopangwa, na nakala ya faili mkononi. Lakini kabla ya Mombasa, pigeni simu Malindi. Iko njiani, kama kilomita 120 kabla ya kufika Mombasa, ina hospitali ya serikali na za binafsi, na kipimo chako huenda kikapatikana hapo.

Mashine ya nyumbani

Hii haishindani na zilizotangulia, inazitumikia. Nunua inayofungwa juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Pima siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati, acha namba za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Nyumbani mpaka uko chini kidogo: 135 kwa 85. Nyumba ya ghorofa yenye familia tatu inahitaji mashine moja tu, na watu wazima wanaopanda presha kwa kumwona nesi tu watapata namba ya kweli.

Nani aende wapi

Kijana wa miaka 25 anayeendesha boti, hana ugonjwa kwao: mhudumu wa mtaa ampime presha na uzito, apime virusi, basi. Mombasa aende kutembea.

Mama wa miaka 38 aliyewahi kupata sukari ya ujauzito hayuko kundi moja na huyo kijana, hata akijiona mzima kiasi gani. Hatari yake ya kisukari ni kubwa, apime sukari kila mwaka na mlango wa kizazi asiuache. Zahanati kwa presha, hospitali ya kaunti kwa yaliyobaki.

Bwana wa miaka 58, mpenzi wa papa na ng'onda, presha yake imegundulika. Chumvi ya samaki wa kukausha aijadili na daktari bila kuficha. Awe na mashine nyumbani, zahanati kila mwezi, hospitali ya kaunti mara moja au mbili kwa mwaka kwa figo na mafuta. Watoto wakimtumia pesa za kifurushi, zigeuzwe kuwa dawa zisizokatika.

Bibi wa miaka 75 wa Kizingitini sitampandisha basi kwa ajili ya "kuangaliwa tu". Mhudumu aje nyumbani. Macho yakififia, hilo ndilo la kumsafirishia, kwa kuwa mtoto wa jicho una tiba.

Na yeyote mwenye kifua kinachobana, uso uliopinda ghafla, au presha ya 180 kwa 120 pamoja na kichwa kinachouma na macho kufifia, huyo hachagui. Apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Wakati gani wa mwaka

Kwa wenye sukari nina jibu moja. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonwe wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, ili dawa zipangwe upya kwa saa za futari na daku, na anayekatazwa kufunga ajue mapema. Hiyo inaangukia Rajabu. Ukingoja Shaaban iishe, kliniki imejaa na daktari hana nafasi ya kukubadilishia dozi akaona inavyokwenda. Kuchoma kidole kupima sukari mchana wa Ramadhani hakufunguzi, masheikh wengi wamelisema, na sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L), au ikipanda juu ya 16.6, mtu anafungua. Kwa hivyo Rajabu ikiandama, mpigie simu nesi wa kliniki uulize siku ya sukari ni ipi wiki hiyo, na kama HbA1c ipo.